Nani Ana Haki ya Kuipenda Barabara Mbovu?

Kuna watu wanaopenda barabara mbovu, na mimi ni mmoja wao. Sisemi kuivumilia. Nasema kuipenda: kuchukua likizo, kujaza madumu ya mafuta na maji, kuiacha lami makusudi na kwenda kutafuta mawe, mchanga na makorongo. Mtu akiniuliza kwa nini, majibu ninayo, tena mazuri. Katika makala haya nataka kuyapima majibu hayo, kwa sababu nyuma yao kuna swali ambalo sisi wenye mapenzi haya hatupendi kulikalia kitako: je, ni sawa mtu kufurahia taabu ambayo kwa mwenzake si mchezo bali ndiyo maisha?

Njia ninayoifikiria ni moja tu, iko kaskazini mwa Kenya. Inatoka Maralal, inapita Baragoi na South Horr, inaishia Loiyangalani kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Turkana. Ni zaidi ya kilomita 200. Kwenye lami ungekuwa mwendo wa asubuhi moja. Huku, ukiondoka alfajiri na ukafika kabla ya giza kuingia, mshukuru Mungu na umshukuru fundi wako.

Ukishaiacha Maralal nyuma, huna lami tena. Kwanza unapanda nyanda za juu zenye baridi, karibu na Poror, ambako ardhi inakatika ghafla upande wa magharibi na Bonde la Ufa linafunguka chini yako hata unaogopa kusogea ukingoni. Kisha unateremka kuelekea Baragoi, na hewa inabadilika: joto, vumbi, migunga, ngamia. South Horr imejibanza bondeni chini ya Mlima Nyiru, ambao kwa Wasamburu ni mlima mtakatifu, na maji yake huifanya sehemu hiyo iwe na kijani ambacho macho hayakukitarajia. Baada ya hapo kijani kinakwisha. Unaingia kwenye mawe meusi ya volkano, kilomita baada ya kilomita, na upepo unaosukuma gari kama mtu mwenye hasira. Halafu, ukivuka mgongo mmoja wa mwisho, ziwa liko mbele yako.

Safari kama hii haihitaji ushujaa mwingi. Inahitaji subira na macho. Unapunguza upepo wa tairi ili zilale vizuri juu ya mawe na mchanga. Zisipolala, zitachanika au zitachimba. Unaingiza fowili, magurudumu yote manne yavute pamoja, na kwenye mteremko mkali unashika gia nzito na kuacha injini ilizuie gari badala ya kukanyaga breki. Ukifika kwenye laga, yaani mto wa msimu ambao sasa ni mchanga mtupu, hujitupi tu. Unasimama. Unashuka. Unavuka kwa miguu kwanza, unaupima mchanga kwa kisigino, unaangalia waliopita jana walipitia wapi. Na unatazama milima, kwa sababu mvua inaweza kunyesha mbali, huko juu, na maji yakakufikia hapo chini wakati mbingu juu yako ni nyeupe kabisa.

Nikijitetea, basi, nitasema hivi. Barabara nzuri hukuruhusu kutokuwepo. Unaendesha huku unawaza mkopo, unasikiliza redio, unafika bila kukumbuka ulipopita. Barabara mbovu haikubali hayo. Inataka uwepo, mwili na akili. Inakufundisha unyenyekevu pia, kwa sababu jiwe halijui cheo chako. Na inakufundisha kuwahitaji watu: mmoja ameshika usukani, mwingine yuko nje akimwonyesha kwa mkono, kushoto kidogo, njoo, njoo, simama! Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia, na sidhani walimaanisha njia za miguu peke yake.

Utetezi huu si mpya. Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyekuwa mshauri wa Nero, alimwandikia rafiki yake Lucilius akimshauri atenge siku kadhaa ambazo atakula chakula kidogo cha bei rahisi na kuvaa nguo duni, kisha ajiulize kama hicho ndicho alichokuwa akikiogopa. Ni ushauri wenye busara. Mtu aliyejizoeza shida haitetemekei. Ila Seneca alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa Roma, na siku zake za mkate mgumu zilikuwa na tarehe ya kuisha. Nje ya mlango wake walikuwepo watu waliokula mkate uleule mwaka mzima, na hakuna aliyewaita wanafalsafa.

Hapo ndipo swali linapoanza kuniuma. Kwenye njia ya Loiyangalani hupiti peke yako. Unapishana na malori. Mengi ni makuukuu, tairi zimelika, yamebeba unga, sukari, soda, mabati, mbuzi, na juu ya shehena hiyo yamebeba watu: akina mama wenye watoto mgongoni, wazee, wanafunzi, wameshikilia kamba na vyuma, vumbi limewageuza rangi moja wote. Dereva hana kifaa hata kimoja kati ya vile nilivyovinunua kwa fahari. Anapita palepale ninapopita, na mzigo wa tani kadhaa, na hapigi picha. Utingo wake anaruka chini, anaweka jiwe nyuma ya gurudumu, anachimba kwa koleo, anapanda tena. Kwake hiyo ni kazi, na ni Jumanne.

Na hao bado ndio wenye afya. Fikiria mama mjamzito ambaye uchungu umegeuka kuwa hatari usiku, naye anatakiwa kupelekwa hospitali kubwa zaidi. Yale mawe niliyoyasifu kwamba yananifanya niwepo, yeye yanampiga mwilini moja baada ya jingine. Fikiria pia usalama. Novemba 2012, katika Bonde la Suguta karibu na Baragoi, maafisa wa polisi zaidi ya 40 waliuawa walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Mahali pasipofikika kwa urahisi, msaada hufika umechelewa, na kuchelewa huko hakumchekeshi mtu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Safari moja tulisimama South Horr kununua maji na biskuti. Rafiki yangu tuliyesafiri naye, mtu mwema tena mcheshi, akamwambia mama mwenye duka, "Mama, barabara yenu nzuri hivi ilivyo. Wakileta lami wataiharibu."

Mama hakukasirika. Alikuwa anapima sukari. Akauliza, "Wewe ukitoka hapa unalala wapi?"

"Leo Loiyangalani. Kesho kutwa Nairobi."

"Haya. Mimi nalala hapa."

Akaendelea kupima sukari yake.

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi, na naona lina falsafa nzima ndani yake. Mama yule hakusema kwamba sisi ni wabaya. Hakusema tusije, tulikuwa wateja, na wateja anawataka. Alichofanya ni kuonyesha kwamba neno "nzuri" katika sentensi ya rafiki yangu lilikuwa na mwenyewe. Nzuri kwa nani? Kwa mtu ambaye kesho kutwa hayupo.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko magari. Mwaka 1887 Samuel Teleki, bwana mkubwa kutoka Hungaria aliyependa kuwinda, aliondoka Pangani pamoja na Ludwig von Höhnel kuelekea bara. Machi 1888 walifika kwenye ziwa hili, wakaliita Rudolf, jina la mwana wa mfalme wao, kana kwamba wenyeji wa ufuo ule hawakuwa na majina yao. Jina hilo lilikaa hadi 1975. Katika vitabu vingi safari ile inasimuliwa kama safari ya watu wawili. Lakini wapi! Ilikuwa safari ya mamia. Kulikuwa na wapagazi wa pwani na wa bara waliobeba mahema, risasi, shanga na chakula cha mabwana, na kulikuwa na Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyezijua njia za bara kabla ya wageni wake kuzijua. Njaa, kiu na maradhi viliwapunguza wapagazi hao njiani. Katika misafara ya zama zile baadhi ya wapagazi walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, yaani hata ujira wa jasho lao haukuwa wao.

Teleki aliichagua taabu, na taabu ikampa jina. Mpagazi aliibeba taabu ileile, kichwani hasa, na jina lake halikuandikwa. Lugha yetu yenyewe inakumbuka mpango huo: mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Tunaitumia methali hii kwa mzaha, lakini ndani yake kuna watu waliotembea.

Basi je, tuseme kwamba taabu ya kuchagua ni uongo na unafiki? Sidhani. Kuna mashindano ya magari Kenya yanayoitwa Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989. Sheria zake zinapendeza: magari yanapewa vituo 13 vya kufikia ndani ya saa 10, na mshindi si mwenye kasi zaidi bali aliyekwenda umbali mfupi zaidi. Maana yake ni kwamba unalazimika kupita pale ambapo mtu mwenye akili timamu angezunguka. Ukitazama, ni watu wenye fedha wanaojitesa vichakani. Lakini michango ya mashindano hayo ndiyo iliyosaidia kujenga uzio wa karibu kilomita 400 kuzunguka msitu wa Aberdare, uliokamilika mwaka 2009, na msitu ule unatoa maji yanayonywewa na watu ambao hawajawahi kuliona gari la fowili kwa karibu. Taabu ya hiari inaweza kuzaa kitu. Mfungo pia ni taabu ya hiari, na hakuna anayesema kufunga ni kuwadhihaki wenye njaa. Kinyume chake, mfungo mwema humfanya mfungaji amkumbuke mwenye njaa na afungue mkono.

Tofauti, kwa maoni yangu, haiko kwenye jiwe wala kwenye jasho. Iko kwenye uwezo wa kugeuza gari. Mimi nikifika kwenye laga nikakuta limejaa maji, nageuza, narudi Maralal, nalala hotelini, nasimulia. Mama wa duka hageuzi. Mgonjwa hageuzi. Mpagazi wa Teleki hakugeuza. Taabu unayoweza kuiacha inakujenga kwa sababu unaweza kuiacha. Ni kama mazoezi ya kunyanyua vyuma, ambavyo vinakupa misuli kwa kuwa unavitua chini. Chuma usichoweza kukitua hakikupi misuli. Kinakuponda. Kwa hiyo tunaposema "njia hii inakufundisha kuishi", tuwe waangalifu. Inatufundisha sisi. Wanaoishi nayo wamejifunza mengi, kweli, lakini hawakuomba kuandikishwa shule hiyo.

Sasa nisikilize vizuri, maana kuna mtu atakayeharakia kusema: kumbe jibu ni rahisi, leteni lami mambo yaishe. Si rahisi hivyo. Upande wa mashariki wa njia hii, kutoka Laisamis, kuna barabara ya kilomita 208 iliyotengenezwa upya ili kufikisha mitambo ya umeme wa upepo kwenye eneo la Sarima, kusini mwa Loiyangalani. Mitambo ni 365, yenye uwezo wa megawati 310, na ilizinduliwa rasmi mwaka 2019. Barabara ile imewafaa watu, sitaki kusema vinginevyo. Mgonjwa anapita pale, lori la unga linapita. Lakini iliyosubiriwa ni mitambo. Ilipokuja mitambo ndipo njia ikapatikana. Kisha mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ya mradi huo zilitolewa bila kufuata utaratibu wa sheria, kesi iliyofunguliwa na wenyeji. Kwa hiyo barabara nzuri nayo inaweza kuja juu ya vichwa vya watu. Lami huleta gari la wagonjwa, na huleta pia mnunuzi wa ardhi, lori la makaa, na mwizi wa mifugo ambaye sasa ana njia ya haraka.

Ninachokiona katika yote mawili ni kosa moja. Anayesema "msiweke lami, mtaharibu uzuri" na anayesema "tumewaletea barabara, shukuruni" wanafanana: kila mmoja amemsemea mama wa duka. Swali la haki si kama barabara iwe nzuri au mbovu. Ni nani anaulizwa. Na wa kuulizwa kwanza ni yule anayelala pale.

Je, hilo linatuacha wapi sisi tunaopita? Nakataa jibu la kwamba tubaki nyumbani. Nchi hii haiwezi kujuana ikiwa wa kusini wataijua kaskazini kupitia habari za mauaji na ukame peke yake. Kwenda ni vizuri. Lakini uwezo wa kugeuza gari una deni lake, na deni hilo linalipwa kwa vitu vidogo vinavyoonekana.

La kwanza ni nafasi. Gari lenye viti vitano na watu wawili kwenye njia kama hii lina swali la kimaadili kwenye kiti cha nyuma. Siku ile ya South Horr, mama yule alituomba tumchukue mvulana mmoja wa sekondari aliyekuwa amechelewa kurudi shule Loiyangalani, yeye na sanduku lake la bati. Tulihamisha vitu, akaingia. Kwenye mchanga mmoja mrefu akasema kwa sauti ya chini, "Shikeni kushoto. Tangu mvua ile, malori yanapita kushoto." Tulishika kushoto. Sisi tulikuwa tunajipima nguvu. Yeye alikuwa anawahi darasa, na njia aliijua kuliko ramani yetu. Najua hoja za kukataa abiria: bima, usalama, "humjui mtu". Zina uzito mahali pengine. Mahali ambapo lori linalofuata huenda likapita kesho, uzito wake hupungua sana.

La pili ni alama. Tairi likipita nje ya njia kwenye ardhi kavu, alama yake haifutiki upesi. Mvua ijayo huifuata, huichimba, na baada ya miaka kadhaa mchezo wa alasiri moja umekuwa korongo katikati ya malisho ya mtu. Kwa hiyo tupite palipopitwa. Ugumu upo wa kutosha njiani, hatuna haja ya kutengeneza mwingine kwenye shamba la mbuzi wa jirani.

La tatu ni ulimi. Tunaporudi mjini na kusimulia, tuwaweke na wengine katika simulizi: dereva wa lori, utingo, mvulana na sanduku lake. Picha ya gari peke yake juu ya mawe meusi ni nzuri, lakini inasema uongo mdogo, kwamba pale hapana mtu. Teleki naye aliliona ziwa ambalo tayari lilikuwa na wenyewe.

Na la nne ni gumu kuliko yote: kutotamani. Siku moja huenda wakazi wa Baragoi na South Horr wakaamua wenyewe, kwa masharti yao, kwamba wanataka lami hadi ziwani, na wakaipata. Siku hiyo kitu ninachokipenda kitakuwa kimekufa. Nitapita pale kwa saa tatu, redio ikiimba, nisikumbuke nilipopita. Nitasikitika, sitajidanganya. Lakini masikitiko hayo yatakuwa mzigo wangu mimi, mwepesi kuliko gunia la unga juu ya lori, na ni haki niubebe mwenyewe nisimtwike mtu.